Demani Haifungwi

Kijana alikuwa keshaizungusha kamba mara mbili kwenye mti wa tengo, anatafuta ncha apige fundo. Nahodha hakumfokea. Alinyoosha mkono, akaizungusha kamba kinyumenyume mpaka ikatoka, akamrudishia kiganjani. "Demani haifungwi," akasema, kisha akaendelea na kazi yake ya kukagua vifungo vya matengo, kimoja baada ya kingine, akivibinya kwa kidole gumba kama mama anayelibinya embe sokoni.

Ilikuwa asubuhi ya kaskazi, Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, na maji ya bamvua yalikuwa yanapanda. Ngalawa saba zilikuwa dikoni zikingoja resi ya kijiji, ile isiyo na mfadhili wala kombe, ambayo zawadi yake ni fedha za mchango na ubishi wa mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeomba nafasi kwenye ngalawa ya huyo nahodha. Alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi kiunoni, akaniambia, "Sawa, mwanangu. Utakuwa farumi." Farumi ni ule uzito unaotiwa chomboni ili kitulie: mawe, au mifuko ya mchanga. Nilishukuru kwa cheo hicho.

Kwa asiyekulia pwani: demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Ukiivuta, tanga linashiba upepo; ukiilegeza, linautema. Neno hilohilo ni jina la upande wa chombo usiopigwa na upepo, na ni jina la majira pia. Wazee wetu hawakuwa wabahili wa maana. Anayeishika demani ameshika eksileta na breki kwa mkono mmoja. Kuifunga ni kuikanyaga eksileta kisha ukauacha mguu wako hapohapo. Upepo ukivuma sawasawa hutajua kosa lako. Ukija mshindo mmoja, chombo kitakuwa kimelala kabla hujaiona kamba iko wapi.

Ngalawa yenyewe ni mtumbwi wa gogo moja, aghalabu mwembe, urefu wa mita 5 au 6, mwembamba hata mtu mzima akikaa ndani nyonga zinagusa huku na huku. Mtumbwi huo peke yake, ukiutia mlingoti na tanga la pembe tatu, utapinduka kabla hujamaliza bismillahi. Ndipo yanapokuja matengo. Miti miwili inalazwa kukingama juu ya mtumbwi, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kwenye ncha zake, kila ubavu, unafungwa ubao mrefu uliochongwa ncha mbili. Mgeni huudhani ubao ule ni boya la kuelea. Mtazame fundi anavyoufunga: hausimamishi wima wala haulazi bapa, anauinamisha. Chombo kikiinama upande wa demani, ubao wa upande ule unayakanyaga maji kwa mshazari na maji yanausukuma juu. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo unavyosukumwa zaidi. Chombo kinapata usalama wake katika kukimbia kwenyewe, jambo ambalo ni tamu mpaka siku kasi inapokwisha ghafla.

Umbo hili lina nasaba ndefu. Mwingereza James Hornell, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuchunguza vyombo vya baharini, aliandika mwaka 1919 juu ya undugu wa ngalawa za Afrika Mashariki na vyombo vya visiwa vya Indonesia. Anayejua kwamba Kimalagasi cha Madagaska ni lugha yenye mizizi hukohuko hatashangaa. Watu waliovuka bahari nzima ya Hindi hawakuja mikono mitupu.

Nilikwenda mara kadhaa kumtazama fundi akichonga. Gogo huanza kuchongwa kwa shoka hukohuko lilikoangukia, ili lipungue uzito wa kuburutwa, na hufika pwani likiwa na sura ya kitu ambacho kingeweza bado kuwa hori la ng'ombe. Kuanzia hapo ni tezo. Fundi anasimama ndani ya mtumbwi, miguu imeachana, na anachonga kuelekea kwake, tezo ikishuka baina ya nyayo zake mbili. Sijaona kazi ya hatari iliyofanywa kwa utulivu kama ile. Kila baada ya mapigo kadhaa anasita, anatia kiganja cha kushoto ndani na cha kulia nje, anavipitisha pamoja kwenye ubavu, viganja viwili vikizungumza kupitia mti. Nilimuuliza anapima nini. Akasema anatafuta mahali ambapo mkono mmoja unausikia mwingine. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Akanipa nafasi nijaribu. Sikusikia kitu, ila mti.

Lakini kilichonishika zaidi ni kamba. Matengo hayapigwi msumari. Zamani yalifungwa kwa kamba ya usumba: makumbi ya nazi yanafukiwa pwani miezi kadhaa, yanafukuliwa, wanawake wanayaponda, nyuzi zinasokotwa. Siku hizi nailoni imeingia, na mafundi wengine huilaani kwa sababu inateleza na inavutika, kisha wanaitumia kwa sababu ipo dukani. Ya usumba au ya nailoni, sharti ni lile lile, kwamba kifungo kiwe na pumzi. Wimbi likipita chini ya mtumbwi, tengo la kushoto linapanda, la kulia linashuka, vifungo vinalia kidogo na kurudi mahali pake. Msumari hauna subira hiyo. Hung'ang'ania mpaka mti upasuke.

Na kifungo kina kazi nyingine ambayo fundi hakunieleza mpaka nilipomuuliza mara ya tatu, kwa kuwa kwake ni jambo lisilohitaji kuelezwa. Katika ngalawa kila kitu kimepewa zamu yake ya kukatika. Kamba kwanza, maana kamba ni ya bei nafuu na hufungwa upya hata baharini. Kisha mti wa tengo, ambao hukatwa mwingine. Mlingoti baadaye. Mtumbwi ndio usiovunjika, na hata ukijaa maji pomoni, ni gogo la mti. Litabaki juu, na watu watalishikilia.

Mwaka 2021 mbio za magari za Safari ziliporejea kwenye ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana tangu 2002, tuliziangalia kwenye televisheni ya baraza moja ya kahawa hapa Kiwengwa. Vumbi la Naivasha lilijaa kwenye kioo. Thierry Neuville aliongoza mpaka siku ya mwisho, halafu shokapu ya nyuma ikamsaliti, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Mzee mmoja wa dikoni aliyekuwa anakunywa kahawa yake kimya alilitazama lile gari likijikokota upande, akasema, "Huyo kakaza demani." Baraza lote likaangua kicheko, mimi nikabaki nayo ile kauli.

Maana Safari, tangu ilipoanza mwaka 1953, imekuwa shule ya jambo hilihili, la kujua wakati wa kulegeza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano: dereva aliyekuwa anakata kona kwa kasi angeweza kukutana na basi, punda, au kundi la mbuzi na mchungaji wake. Timu zenye fedha zilirusha helikopta mbele ili rubani atazame njia. Zisizo nazo zilitegemea macho, honi, na Mungu. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi makanika kabla ya kuwa bingwa, na ile Volvo yake ya mwaka 1965 ilikuwa imekwisha kutumika kabla haijafika mikononi mwake. Shekhar Mehta alishinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hutashinda mara nne mfululizo kwenye njia kama zile kwa ujasiri tu. Wajasiri walikuwa wengi, na wengi wao walibaki matopeni.

Gari la mashindano la leo nalo limejengwa kwa zamu za kukatika. Gurudumu linang'oka, boneti inakunjika, mlango unabonyea, ila kile kizimba cha mabomba kinachomzunguka dereva hakitakiwi kukubali chochote. Hapo zamani, katika mbio za viwanja vya udongo kule Marekani, watu walikimbia miaka mingi bila kizimba hicho. Leo hakuna anayewaza kushindana bila hicho. Hatari imebaki, na anayefunga mkanda anajua kwamba ameikubali. Kilichobadilika ni kwamba amejua ni ipi ya kuikubali.

Hapa Kiwengwa swali la hatari ipi ikubaliwe hujibiwa mlangoni. Mbele ya kijiji kuna maji ya ndani, mapana na kama yamelala, ambapo maji yakipwa kina mama huenda kwenye mwani wao kwa miguu. Mbali kidogo kuna mwamba, mstari mweupe usiokoma. Nje ya mwamba kina kinashuka, na ndiko waliko samaki wa kuuzwa. Baina ya pande hizo mbili kuna mlango, pengo katika mwamba, na ngalawa inayokwenda nje haina budi kuupita mara mbili: kutoka, na kurudi.

Bamvua linapofika, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Maji yote hayo yanatafuta njia ya kutoka, na njia ni ileile. Yanapotoka yakakutana na wimbi linaloingia, wimbi linasimama. Halina nafasi ya kulala. Linapanda kama ukuta. Ndiyo maana nahodha ataacha samaki wazuri nje, akarudi mapema, ili aukute mlango maji yanapoingia au yanapotulia. Akichelewa, atakaa nje na kungoja, saa mbili, saa tatu, watoto wakitazama ufukweni, na mnunuzi wa samaki akikunja mwavuli wake.

Nilimtazama mara moja akiingia. Alisimama nje ya mlango, tanga limelegezwa, chombo kikielea mahali pamoja. Mawimbi huja kwa makundi, na baada ya yale makubwa hufuata utulivu kidogo. Alikuwa hatazami mlango, alikuwa ametazama nyuma, baharini, na midomo yake inahesabu. Yakapita makubwa matatu. Akasema neno moja, demani ikavutwa, ngalawa ikaruka kama mbwa aliyefunguliwa. Wimbi dogo lilitufuata kwa nyuma, akaliacha litunyanyue, akaikaza kana ya usukani kwapani ili omo lisigeuke ubavu. Pande zote mbili, kwa umbali ambao ningeweza kurusha jiwe, maji yalikuwa yanapasuka juu ya matumbawe. Kisha kukawa kimya. Alitema mate majini, akamuuliza kijana kama kuna maji ngamani. Kijana akachukua kopo akaanza kufua.

Asubuhi nyingine tulitoka kabla ya fajri, upepo wa umande ukitusukuma kutoka nchi kavu, tukakaribia mlango, naye akakaa akiutazama. Akageuza chombo. Hakueleza na hakuna aliyemuuliza. Wavuvi watatu waliamka usiku na walikuwa wamenunua chambo, nao walirudi bila mkia wa samaki, mazungumzo yakiwa ya mpira. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari zake za upepo mkali na mawimbi yanayofikia mita 2, nao huzisikiliza redioni na kutumiana kwenye simu, lakini tahadhari hutolewa kwa pwani nzima. Mlango ni mmoja. Nahodha anasema anaanza kuusoma usiku akiwa kitandani, kwa jinsi mwamba unavyonguruma. Katika ufundi wote niliouona kwake, ule wa kugeuza chombo ndio ninaouheshimu kuliko wote, na ndio usiopigiwa makofi na mtu.

Turudi kwenye resi. Filimbi ikalia, matanga saba yakapanda. Njia ilikuwa kwenda kaskazini kuelekea Pwani Mchangani, ndani ya mwamba, kulizunguka dumu la plastiki lililotiwa nanga, na kurudi. Kwenda ni bisha tupu, upepo usoni. Kila tulipogeuka ilibidi kukisi, yaani foromali, ule mti unaobeba tanga, isimamishwe wima, tanga lipitishwe mbele ya mlingoti na kwenda upande wa pili, huku watu wawili wakivuka juu ya kamba, na mwenye demani akivuka na kamba yake mkononi bila kuiachia hata mara moja. Walilifanya hilo kwa muda ambao mimi huchukua kuvaa viatu.

Kazi yangu ilikuwa kutoka nje hadi kwenye tengo la goshini, upande wa upepo, nikae juu ya mti nje ya chombo na kuuzuia uzito wa tanga. Chini yangu maji yalikuwa yanakimbia rangi ya chupa. Nilihisi kifungo kikifanya kazi chini ya paja langu, kikikaza na kuachia. Tulikuwa wa pili. Nilianza, Mungu anisamehe, kujiona baharia.

Mshindo ulitoka upande wa mwamba. Niliuona ukija, doa jeusi juu ya maji, na nilifanya kila nilichoambiwa: nikajinyoosha nje zaidi. Kijana akaiachia demani. Aliiachia kwa wakati, kwa kufumbua vidole tu. Tanga likapiga kelele, chombo kikasimama wima. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba farumi ya mawe na farumi ya mtu ni vitu viwili tofauti. Tanga lilipotema upepo, uzito wangu nje haukuwa na kitu cha kupambana nacho tena. Wenzangu walikuwa wameshateleza ndani pamoja na ile kamba, kana kwamba wamefungwa nayo. Mimi nilibaki nje, tengo likazama, nami nikazama nalo mpaka kifuani, kisha mikono ikaachia.

Walinirudia. Iligharimu nafasi tatu, tukamaliza wa tano. Nahodha hakusema kitu mpaka nilipokuwa nimeketi ndani nikitapika maji ya chumvi. "Ulikuwa unatazama upepo," akaniambia. "Tazama mkono wa mwenye demani. Ukifumbuka, wewe uwe umeshaingia."

Kwenye dumu tulipita ngalawa moja iliyokuwa imelala ubavu. Vijana wake wanne walikuwa wamekaa juu yake wakitukanana kwa furaha. Mti wa tengo la demani ulikuwa umekatika, na kamba ya demani ilikuwa bado imefungwa kwake, fundo zuri, lililokaza barabara.

Kuna jambo moja ambalo mimi na nahodha hatuelewani, na ni jaketi la kujiokolea. Ngalawa za kuwatembeza wageni wa mahoteli hapahapa Kiwengwa huwa nayo, na mgeni hukabidhiwa lake hata kama maji yanamfika magotini. Mvuvi anayepita mlangoni kila siku hana. Nahodha ana sababu zake: linanasa kwenye mshipi na nyavu, linaleta joto jua linapokuwa kali, linamzuia mtu kuvuka tanga linapokisiwa. Zote ni za kweli. Ila watu wa magari nao walikuwa na sababu zao. Dale Earnhardt, bingwa wa mbio za magari wa Marekani, hakukitaka kifaa cha kushika shingo, alisema kinamsumbua. Alikufa Daytona tarehe 18 Februari 2001, na kabla ya mwaka kwisha kifaa kikawa lazima kwa wenzake wote. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, akaniuliza jaketi linauzwa kiasi gani. Nikamtajia bei niliyoulizia mjini. Akahesabu watu wa ngalawa yake, akanyamaza. Wanaochangisha fedha za zawadi ya resi wangeweza, kwa mwaka mmoja tu, kununua majaketi membamba ya mashindano badala ya bahasha, na kuyaacha dikoni. Nimewaambia. Wamesema watalizungumza.

Jioni ile, matanga yamekwisha kukunjwa na wenye ushindi wakiwa wanausimulia kwa mara ya nne, nilimkuta amechutama kwenye ngalawa yake akifungua vifungo vyote vya matengo, hata vile ambavyo havikulegea. Alinitupia kipande kimoja cha kamba. Kwa nje kilikuwa kizima. Nilipokikunjua ndani nyuzi zilikuwa zimeliwa zaidi ya nusu, laini kama pamba. Ndicho kile nilichokuwa nimekikalia.

Basi ukifika Kiwengwa ukaalikwa kupanda ngalawa, acha rangi ya tanga na jina lililoandikwa ubavuni. Mtazame anayeshika demani. Ukiiona imefungwa, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha shuka.